Urefu Kwanza, Pembe Baadaye: Alaimenti ya Gari Zilizoshushwa Katika Barabara za Unguja



Malalamiko yaliyotuleta hapa sote tunayajua. Kijana amekata springi za Altezza yake, gari imekaa chini, amepita nayo Forodhani jioni na watu wamegeuka kuitazama. Hazipiti siku nyingi, tairi za mbele zimeliwa upande wa ndani mpaka waya unachungulia, na upande wa nje bado zina meno. Amepiga alaimenti, amerudia tena, gari bado inavuta. Yeye anamlaumu fundi, fundi analaumu tairi za mtumba.

Kwa maoni yangu kosa limetangulia kabla ya gari kufika kwenye mashine. Namba za alaimenti tunazozifuata zimeandikwa kwa gari iliyo katika urefu wake wa kiwandani. Gari ikishushwa, pembe zote zinahama pamoja na bodi. Anayezirekebisha pembe bila kujua gari imekaa urefu gani anakisia, hata kama mashine yake ni ya kisasa kabisa.

Tuchukue Vitz na IST, ambazo tunazo kwa wingi. Mbele zina shokapu iliyosimama ndani ya springi, na chini kuna mkono mmoja unaoshika mguu wa tairi. Kwa kawaida mkono huo umeinamia nje. Gari ikishuka, mkono unalala, ncha yake inasukuma chini ya tairi kwenda nje, na juu ya tairi kunaegemea ndani. Hiyo ndiyo kemba hasi. Inaonekana kwa macho, kwa hiyo hubeba lawama zote.

Mkosaji mkubwa haonekani. Ni tairodi, fimbo inayogeuza tairi usukani ukizungushwa. Nayo hupanda na kushuka kwa duara lake, ambalo halilingani na duara la mkono wa chini. Bodi ikishuka, tairodi inasukuma au inavuta, na tairi zinafunguka mbele au zinafungana, kutegemea tairodi imepita mbele au nyuma ya ekseli. Pembe hiyo ndiyo tunayoiita toini. Chukua rimu ya inchi 15. Ukingo wa mbele ukipishana na wa nyuma kwa milimita 3 na nusu tu, ukipima kutoka mstari wa katikati ya gari, tairi hiyo imegeuka takriban nusu digrii. Kila kilomita inaburuzwa ubavu kati ya mita 8 na 9. Kutoka mjini hadi Nungwi, kiasi cha kilomita 60, imeburuzwa nusu kilomita. Mpira gani utastahimili safari hiyo kila siku? Kemba hasi ya digrii moja na nusu, toini ikiwa sawa, huila tairi taratibu. Toini ikiharibika, kemba inachagua tu upande wa kuliwa kwanza.

Sasa Vitz hiyo inapandishwa kwenye mashine na skrini inaonyesha nyekundu kote. Kemba ya mbele haina mahali pa kurekebishia kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo fundi anazungusha tairodi mpaka toini iwe kijani, anapokea pesa yake. Kazi hiyo ni sahihi kwa urefu wa siku ile. Springi iliyokatwa jana bado haijakaa vizuri kwenye kikalio chake, na wiki ijayo urefu utakuwa mwengine. Altezza, iliyoanza kutoka Japani mwaka 1998, ina nafuu: ina mikono juu na chini, pamoja na boliti za kurekebishia ambazo Vitz haina. Nyuma ya Vitz na IST kuna boriti moja, na kushusha hakubadilishi sana pembe zake. Tairi ya nyuma ikiliwa ubavu, tafuta boriti iliyopinda au beringi iliyochoka.

Kasta, yaani mlalo wa mhimili wa kugeuzia tairi kwenda mbele au nyuma, naipita. Huhama zaidi pale mtu anaposhusha mbele peke yake na kuacha nyuma juu, mtindo ambao sijaelewa uzuri wake.

Kwenye bushi nitakaa kidogo, maana hapo ndipo kazi nzuri huharibika. Ndani ya bushi kuna bomba la chuma linalobanwa na boliti, nje kuna mkono, katikati mpira. Mkono ukicheza, mpira ndio unaojisokota. Ukikaza boliti gari ikiwa kwenye jeki na miguu inaning'inia, umeufunga mpira katika hali ya kuning'inia. Gari ikitua, mpira unabaki umesokoteka mchana na usiku hadi uchanike, na mkono unaanza kutembea. Hakuna alaimenti inayokaa hapo. Legeza boliti, tua gari kwenye tairi zake, ikandamize mara kadhaa, ndipo ukaze.

Springi yenyewe, ikiwa na mizunguko 5 inayofanya kazi ukaukata mmoja, ugumu wake unaongezeka kwa robo, na shokapu ni ile ile iliyochoka. Wanaokata kwa moto wa gesi wanaua chuma.

Halafu kuna barabara zetu. Njia ya Paje, inapopita msitu wa Jozani, ina matuta yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe. Sina ugomvi nayo, kima naye ana haki ya kuvuka. Lakini gari iliyobakiwa na sentimita chache za kucheza, ikifika pale na abiria wanne, inagonga mpira wa kuzuilia, na pigo linaingia kwenye mkono na tairodi. Kwa Unguja mimi naishia kushusha sentimita 3. Na kwa kuwa tumezungukwa na bahari, nati za tairodi hushikana kwa kutu. Zipige burashi na kuzitia mafuta tangu jana yake, kwani ukizichoma kwa gesi unaunguza mpira wa bolijointi.

Pendekezo langu ni moja. Karatasi ya kazi ya kila gereji iwe na nafasi nne za urefu, kila tairi yake, kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda. Upepo uwe sawa, tangi liwe na mafuta, na kwenye buti viwemo vile ambavyo mwenyewe huvibeba kila siku. Gari ikirudi inavuta, pima hapo kabla ya kuipandisha kwenye mashine. Kona moja ikiwa imeshuka kuliko ilivyoandikwa, acha alaimenti siku hiyo, fungua springi ya kona ile.