Fedha ya Tilawa, na watu wake

Sisi Wapemba tunaijua habari ya meli isiyofika. Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikija kwetu, kila nyumba iliuliza: nani alikuwamo? Wiki hii nakupelekeni nyuma zaidi, wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Tarehe 20 Novemba 1942, Tilawa, meli ya kampuni ya British India, iling'oa nanga Bombay ikielekea Mombasa, Lourenço Marques (Maputo ya leo) na Durban. Ilikuwa na abiria 732, wengi wao Wahindi. Kwa meli kama hizo ndipo walipokuja wenye maduka wa pwani yetu pamoja na wake na watoto wao.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, mbali na Shelisheli upande wa kaskazini mashariki, nyambizi ya Kijapani I-29 iliipiga topido. Meli haikuzama papo hapo. Baadhi ya waliokwisha kuingia mashua walirudi melini wakidhani hatari imepita. Topido la pili likawakuta humo.

Jumla walikuwamo watu 958, pamoja na mabaharia. Walikufa 280. Waliosalia walielea siku mbili, mpaka manowari ya Kiingereza HMS Birmingham ilipowaokota wengi wao.

Chini humo mlikuwa pia na fedha ya kutengenezea sarafu za Afrika Kusini. Mwaka 2017 kampuni moja ya Kiingereza ilizamua vipande 2,364 kutoka kina cha kilomita mbili na nusu hivi. Ikafuata kesi hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo Mei 2024 ilikubali hoja ya Afrika Kusini.

Fedha, basi, ilihesabiwa kipande kwa kipande, ikapata na mawakili. Jamaa za waliokufa walikusanyika Mumbai kuwakumbuka Novemba 2022, miaka 80 baadaye.

Sisemi mali isihesabiwe. Nasema mtu ahesabiwe kwanza. Karani wa bandari akikuuliza jina, usimwone msumbufu. Mtajie na la mtoto uliyempakata. Nawe karani, andika wote, hata foleni ikiwa ndefu. Chombo kisipofika, kinachobaki mkononi mwa mama anayengoja Mkoani au Wete ni karatasi hiyo tu.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.