Chungu ni Kimoja, Tofauti ni Sahani

Mazungumzo ya afisa wa lishe na wagonjwa wa kisukari na jamaa zao, katika zahanati

Asanteni kwa kuja na jamaa zenu, maana haya yanamhusu anayepika sawa na anayeumwa.

Wengi huniuliza, "Nikiwa na kisukari, nipikiwe chakula changu kando?" La. Chungu ni kimoja. Kinachobadilika ni namna ya kupakua.

Chukua sahani ya kawaida. Nusu yake ijaze mboga: mchicha, kunde, mchunga, sukuma wiki au kabichi. Robo iwe samaki, kuku, mayai, maharagwe au ndengu. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, chapati au muhogo, na isizidi ngumi yako.

Wako wanaoacha ugali mweupe, kisha wakajaza sahani muhogo au ugali wa mtama wakidhani hauna neno. Vyakula vyote vya wanga hugeuka sukari mwilini. Unga usiokobolewa ni bora, lakini nao upimwe. Asali na sukari guru pia ni sukari.

Asubuhi, badala ya mahamri manne na chai tamu, kula moja kwa mbaazi, na chai isiyotiwa sukari. Tunda lile badala ya kulikamua juisi, kwa kuwa juisi hupandisha sukari upesi.

La mwisho ni la hatari. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, asiruke mlo. Mwulize daktari kama vyako ni vya aina hiyo. Sukari ikishuka mno utatetemeka, utatokwa na jasho, utachanganyikiwa, hata uzimie. Ukiona dalili hizo, kunywa mara moja maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15, kama hujapata nafuu, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula. Aliyezimia asinyweshwe wala kulishwa kitu. Mlazeni kwa ubavu na mumkimbize hospitalini.

Na msiache dawa kwa sababu mnakula vizuri. Chakula na dawa husaidiana.

Leo jioni, anayepakua aanze na mboga.