Kipimo cha Kiwanda cha Mbolea ni Shamba la Mkulima



Mkulima wa nyanda za juu za Kigoma huanza kuitazama mbingu tangu mwezi wa Oktoba. Mvua ikishuka, mahindi hupandwa, na mbolea ya kupandia yapasa iwe imekwisha kuwamo nyumbani. Ikichelewa kwa mwezi mmoja, mfuko ni ule ule na bei ni ile ile, lakini faida yake imepungua. Kwa hiyo uongozi wa viwanda vya kemikali, ambao hudhaniwa kuwa ni jambo la mameneja na wahandisi wa mijini, unamhusu moja kwa moja mwananchi wa Kasulu na Kibondo mwenye jembe mkononi.

Mbolea ya chumvichumvi ni ndugu wa mafuta ya petroli. Naitrojeni imo hewani bure, lakini mahindi hayawezi kuitwaa humo. Kiwandani huunganishwa na haidrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa hutolewa katika gesi asilia, ikawa amonia. Na amonia ndiyo mama wa urea na salfeti ya amonia. Salfa nayo hupatikana kwa wingi mafuta na gesi vinaposafishwa. Bei ya gesi ikipanda ulimwenguni, bei ya mbolea hufuata. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/23.

Taifa lilikwisha kujaribu kujitengenezea mbolea yake. Mwaka 1972 kiwanda cha Tanga kilianza kazi, kikiwa cha ubia kati ya shirika la umma na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi. Kilikusudiwa kutoa tani 105,000 kwa mwaka. Nia ilikuwa njema: mkulima apate mbolea ya nchini mwake, na fedha za kigeni ziokolewe. Hata hivyo, mwaka 1991 uzalishaji ulisimama. Kampuni ilibaki, lakini ikawa ya kununua na kuuza mbolea iliyotengenezwa na wengine.

Yafaa kuuliza kwa utulivu ni kitu gani kiliangusha nia njema kiasi hicho.

Jambo la kwanza ni malighafi. Amonia, salfa na potashi zililetwa kwa meli kutoka nchi za nje. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ilianza kutolewa kwa wingi miaka ya 1980, kiwanda kikiwa kimekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Kiwanda kinachonunua sehemu kubwa ya malighafi yake ng'ambo hakiwezi kusifiwa kwamba kinaokoa fedha za kigeni. Meneja awe hodari namna gani, hawezi kuondoa gharama iliyokwisha kuingizwa katika mpango kabla jiwe la msingi halijawekwa. Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, miaka miwili baada ya kiwanda cha Tanga kuanza. Miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kuitumia gesi hiyo kutengeneza amonia huko Kilwa, lakini kiwanda hakikujengwa. Gesi ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, kazi yake kubwa ilikuwa kuzalisha umeme.

Jambo la pili ni matengenezo. Asidi ya salfa hula chuma. Mtambo wa kemikali ni mnyororo. Bomba moja likitoboka, sehemu nyingine zote hungoja. Vipuri lazima viagizwe mapema, na mtambo usimamishwe kwa ratiba kabla haujasimama wenyewe. Lakini baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu. Palipo na uhaba kama huo, kishawishi ni kuahirisha matengenezo ili tani za mwaka huo zionekane nyingi katika taarifa. Wahenga walikwisha kuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la tatu ni watu. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha halmashauri za wafanyakazi, na Mwongozo wa mwaka 1971 ukakemea viongozi wenye kiburi. Hayo yalikuwa ya haki. Lakini mfanyakazi asiyeonyeshwa hesabu za gharama hushiriki kwa mdomo tu. Na mtaalamu wa kukodiwa asiyepimwa kwa idadi ya wananchi aliowafundisha huondoka na ujuzi wake sandukuni.

Wala Tanga haikuwa peke yake. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Kigamboni, kilichoanza mwaka 1966, kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na matangi yake sasa ni ghala la mafuta. Kile cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1963, kilisimama mwaka 2013. Kuwatupia wafanyakazi lawama zote ni dhuluma. Mtambo uliozeeka hauwezi kushindana na mitambo mikubwa mipya kwa bidii ya mikono peke yake.

Funzo lake ni dhahiri. Ufanisi wa kiwanda usihesabiwe kwa tani zilizotoka langoni, bali kwa mfuko uliomfikia mkulima kwa wakati na kwa bei anayoimudu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Behewa linalochelewa ni sehemu ya uongozi mbovu sawasawa na bomba lililotoboka.

Na kanuni hiyo hiyo inaihukumu ghala ya ushirika kijijini. Mahitaji yaandikwe mapema, mizani ikaguliwe, na daftari lisomwe hadharani mbele ya wanachama. Kijiji kinachodai hesabu za ghala yake kinajifunza kudai hesabu za kiwanda cha Taifa. Siku kiwanda kingine cha amonia kitakapopendekezwa, maswali matatu yaulizwe kwanza: malighafi itatoka wapi, nani atakitengeneza kikiharibika, na mfuko utafika Rungwe Mpya kabla ya mvua?