Kipimo cha Unywele: Hotuba Juu ya Uanagenzi wa Kukereza Chuma



Twawashukuru kwa heshima mliyotupa sisi mafundi wa Chiwata, ya kusema machache siku hii ambayo chama chetu kikuu kinatimiza miaka kumi. Wenzetu waliotutangulia wamesema juu ya bei, juu ya maghala na juu ya mizani. Hayo ni mambo ya mkulima, nao wameyasema vyema. Sisi tumekuja na jambo linaloonekana dogo: kijana ajifunzaye kukereza chuma, na miaka anayohitaji ili apate kuijua kazi yake.

Huenda mwanachama akauliza: Korosho na chuma vinahusiana nini? Tunajibu kwa mambo matatu ambayo kila mmoja wetu anayajua.

La kwanza ni bomba la salfa. Ubwiri unga uligunduliwa katika mikorosho yetu mwaka 1979, na watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, wakaonyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati wake hulilinda ua. Lakini bomba lina injini, na injini ina pistoni, shafti na beringi. Kimoja kikilika wakati mikorosho imechanua, mkulima huanza kutafuta kipuri Masasi, kisha Mtwara, kisha Dar es Salaam. Naye ua la mkorosho halimngoji mtu.

La pili ni maji. Uwanda wetu wa Makonde ni mkavu. Mvua inyeshapo huzama mchangani, na chemchemi zimo mabondeni. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakipandishwa kwa pampu kutoka mabondeni hadi juu Newala. Pampu ikisimama, mama zetu hurudia njia ya bondeni na ndoo kichwani.

La tatu ni kubangua. Korosho nzima hupata bei nzuri, iliyovunjika hupata bei ndogo. Daraja liitwalo W320 maana yake ni korosho nzima zipatazo 300 hadi 320 katika ratili moja. Moja ikipasuka haihesabiwi humo. Basi kisu cha mashine ya kubangulia sharti kipasue ganda wala kisiguse kiini. Nafasi iliyopo baina ya hayo mawili ni ndogo mno, na fundi ndiye aipimaye.

Mambo hayo yote matatu yanarudi kwa mtu mmoja: yule awezaye kuchukua kipande cha chuma na kukifanya kiwe na kipimo kile kile kinachotakiwa, bila kuzidi wala kupungua.

Mashine yake kubwa ni kerezo. Ninyi mwajua jinsi mchonga vinyago afanyavyo: gogo la mpingo hutulia, na tezo ndiyo iendayo. Katika kerezo mambo hugeuka: chuma hushikwa na kuzungushwa kwa nguvu ya umeme, nacho kisu husogezwa taratibu na kukimenya kama mtu amenyavyo chungwa. Lakini katika kujifunza, kazi hizi mbili ni ndugu. Hakuna aliyepata kuwa mchongaji kwa kutazama siku moja. Kijana hukaa karibu na mzee, huokota vibanzi, hunoa vyombo, hupiga msasa, na siku nyingi hupita kabla hajaachiwa uso wa kinyago.

Vivyo hivyo mwanagenzi wa chuma. Kwanza hapewi mashine. Hupewa jiliwa, tupa, na kipande cha chuma, akaambiwa: kifanye kiwe sawa pande zote. Atapiga tupa kwa majuma, mikono ikichubuka, akidhani anaonewa. Kumbe anafundishwa kuhisi chuma. Kisha hufundishwa kuchora mistari juu ya chuma, kutoboa kwa keekee, na kupima. Ndipo aletwe mbele ya kerezo. Na sharti la kwanza si kukata bali ni kujilinda: asivae nguo zenye kuning'inia, wala asiache ufunguo katika kichwa cha mashine, maana mashine ikiwashwa ufunguo huo huruka kama risasi.

Katika kupima ndimo mwenye ugumu. Unywele wa binadamu una unene wa sehemu ya kumi ya milimita moja, au pungufu ya hapo. Chombo kiitwacho mikromita huigawa milimita hiyo hiyo mara mia. Nayo shafti inayoingia ndani ya beringi haina budi kupimwa kwa mikromita. Ikizidi kidogo haiingii. Ikipungua kidogo hucheza, hutetemeka, na baada ya siku chache huvunja vingine vyote. Tena chuma kina hila yake: kikikatwa hupata joto, na kikipata joto hutanuka. Shafti yenye unene wa milimita 50, ikipata joto la digrii 50 zaidi, hunenepa karibu sehemu tatu za mia za milimita. Mwanagenzi mwenye haraka huipima ingali moto, akafurahi. Ikipoa huikuta imepungua. Hapana kitabu kimfundishacho subira hiyo vizuri kuliko shafti yenyewe.

Sisi hatusemi haya kwa kujisifu. Tulipokuwa wanagenzi, siku moja tulipewa shafti ya pampu ya kijiji kimoja, tukaambiwa tupunguze unene wake sehemu mbili za kumi za milimita. Tukazungusha gurudumu hadi alama ya mbili, tukakata. Tulisahau kwamba katika kerezo lile kisu kikiingia sehemu mbili, chuma kinachozunguka hukatwa sehemu mbili huku na sehemu mbili huku, basi unene hupungua maradufu. Shafti ikaharibika. Siku mbili za kazi zikapotea, na kijiji kile kikachota maji bondeni siku mbili zaidi. Mwalimu wetu hakutugombeza. Alitupa chuma kingine, na ile shafti mbovu akaiweka juu ya meza yetu ya kazi, ikakaa pale mpaka tulipohitimu. Wenzetu, kosa hilo tulilitenda mbele ya mwalimu, naye akalisahihisha. Lau tungalijiita mafundi baada ya miezi mitatu na kufungua duka letu, kosa lile lingalikwenda kisimani, na hasara ingalikuwa yenu.

Jambo hili halikuanza kwetu. Huko Uingereza, Henry Maudslay, aliyezaliwa mwaka 1771, alianza kazi akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, akapita katika useremala na uhunzi kabla ya kuwa mtengeneza mashine. Karibu na mwaka 1800 aliunda kerezo la kukatia skrubu kwa usahihi ambao wengi hawakuwa nao. Lakini sifa yake kubwa si mashine, ni watu. Mmoja wa waliofanya kazi kwake alikuwa Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alitoa shauri kwamba meno ya skrubu yawe na kipimo kimoja kila mahali. Maana hapo kwanza kila karakana ilikuwa na meno yake, na nati ya huyu haikuingia katika bolti ya yule. Ujerumani hata leo mwanagenzi wa kazi hii husoma miaka mitatu na nusu, siku nyingine akiwa kiwandani na siku nyingine shuleni.

Nasi Tanzania hatukukosa njia. Katika miaka ya 1950 zilifunguliwa shule za ufundi Ifunda na Moshi. Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda VETA, ambayo ina vyuo Mtwara na Lindi pia. Hapa jirani, watawa Wabenediktini wa Ndanda, waliofika mwaka 1906, walikuja na mabruda wenye ufundi mikononi, na vijana wengi wa kwetu wamejifunza kazi katika karakana zao. Basi mlango upo. Tuulizane ni nani tunayempeleka, na kama tunamwacha akae hadi mwisho.

Wazee wetu wanakumbuka viwanda. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikajengwa viwanda 12 vya kubangulia, vingine vyenye mitambo ya Italia, vingine ya Japani. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishwa, bei kuwa ndogo, na ubwiri unga. Vipuri viliagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa haba, na viwanda vingi vikasimama. Hatusemi kwamba fundi mmoja angaliviokoa. Huo ungekuwa uongo. Twasema tu kwamba mashine inunuliwayo bila ya mtu awezaye kuitengenezea kipuri, imeanza kufa siku ya kufunguliwa. Mavuno yamerudi na kupita yale ya zamani, hata msimu wa 2017/18 yalizidi tani 300,000, lakini sehemu kubwa ya korosho yetu bado husafirishwa ikiwa na ganda lake. Siku tutakayonunua mashine zetu wenyewe, nani atakuwa amesimama kando yake?

Twajua maneno yanayosemwa barazani. Wapo wasemao: Kijana akae miaka mitatu bila kuleta kitu nyumbani, nani atapalilia mikorosho? Hili ni neno la kweli, wala hatulidharau. Wenzetu tulioanza nao uanagenzi, baadhi yao waliitwa nyumbani msimu wa kuokota korosho na hawakurudi tena. Leo wanajua nusu ya kazi, na nusu ya kazi haimlishi mtu. Wengine husema: Tukimsomesha, atakimbilia Dar es Salaam. Nalo ni kweli kwa baadhi. Lakini kijana hakimbii kwa sababu ana ujuzi. Hukimbia kwa sababu ujuzi wake hauna mahali pa kukaa. Akikuta kerezo moja, umeme, na kazi za wanachama zikimngoja, anayo sababu ya kubaki.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu, Mheshimiwa Mwenyekiti, yapelekwe mbele ya mkutano mkuu.

Kwanza, kila mwaka vyama vya msingi vichague vijana wachache, wavulana na wasichana, kwa mtihani wala si kwa undugu, wapelekwe kujifunza kukereza chuma.

Pili, kuwe na mkataba ulioandikwa baina ya chama, mzazi na mwanagenzi. Chama kitoe ada, chakula na vyombo vya kupimia. Mzazi aahidi kutomwondoa kabla ya kuhitimu. Naye kijana aahidi kuwatumikia wanachama kwa muda utakaokubaliwa.

Tatu, chama kiweke akiba kwa ajili ya karakana moja ndogo ya wanachama, ili wahitimu wa kwanza wawe walimu wa wale wafuatao.

Gharama ipo, nasi hatuifichi: italipwa leo, na faida itaonekana baada ya miaka minne au mitano. Lakini wakulima wa korosho si wageni wa jambo hilo. Ni nani hapa aliyepanda mkorosho akavuna mwaka huo huo?

Tena tukumbuke neno moja la historia. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, na havikurudi mpaka ilipotungwa sheria ya 1982. Malori na majengo yalikwenda kwa wengine. Lakini karani aliyejua kuweka hesabu hakupokonywa ujuzi wake, na vyama viliporudi alikuwapo. Mali huweza kuchukuliwa. Kilichomo mkononi mwa fundi hakichukuliki.

Katika miaka hii kumi chama chetu kimejifunza kupima korosho kwa mizani iliyo ya haki. Katika kumi ijayo na kijifunze kupima chuma kwa kipimo cha unywele.

Umoja ni nguvu.