Nguchiro wa Fiji na Kunguru Wetu

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba nizungumzie mjusi. Usicheke. Si mjusi kafiri wa ukutani kwako, bali iguana wa visiwa vya Fiji, katika Bahari ya Pasifiki. Ni wa kijani, mwenye mistari: wengine mipana ya buluu, wengine myembamba myeupe. Anaishi mitini, anakula majani na maua, hana ugomvi na mtu.

Mayai yake huyafukia ardhini, nayo hukaa miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Hapo ndipo balaa lilipoingilia. Mwaka 1883 nguchiro walipelekwa Fiji ili wale panya waliokuwa wakiharibu miwa. Panya wapo hadi leo. Nguchiro naye akazaana, akajiongezea mijusi kwenye mlo wake. Paka nao hawakubaki nyuma.

Tusiwacheke Wafiji. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili apunguze taka. Taka zimepungua? Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa wajijibu wenyewe.

Mwaka 1979 mtaalamu John Gibbons aliwakuta iguana wa jamii isiyojulikana kwa wanasayansi, katika kisiwa kidogo cha Yadua Taba, cha hekta kama 70. Nguchiro hawakuwapo, lakini mbuzi walikuwapo, wakila miche ya miti ile ile inayomlisha mjusi. Kisiwa kikafanywa hifadhi, na baadaye mbuzi wakaondolewa. Leo sehemu kubwa ya iguana wa jamii hiyo waliosalia duniani wako hapo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mbuzi ni mali. Ni kitoweo, ni ada ya shule. Kazi ile isingewezekana bila ridhaa ya wenye kisiwa, watu wa kijiji cha Denimanu. Hifadhi inayompita mwenye ardhi kama vile hayupo haidumu, hata ikiwekewa askari.

Na mtihani haujaisha. Karibu na mwaka 2000 iguana wa kijani wa bara la Amerika, mkubwa kuliko wenyeji, aliingizwa katika kisiwa cha Qamea, na akaenea visiwa vya jirani.

Ndugu zangu, mnyama mgeni huingia kwa siku moja, kumtoa ni kazi ya miaka. Basi anayetaka kutuletea kiumbe cha "kutusaidia" aulizwe mapema, bandarini: hicho nacho, panya wakiisha, kitakula nini?

Tukutane juma lijalo.