Gari Likikugonga Likatoroka: Subira Haizuii Kudai Haki

Bismillahi Rahmani Rahim.

Haya tuliyazungumza na vijana msikitini baada ya sala ya Alasiri. Tumeyaandika hapa ili na wewe ambaye hukuwepo ufaidike.

Mwezi huu sote twaijua hali ya barabara karibu na Magharibi. Matatu zakimbia, tuktuk zakimbia, na bodaboda ndio usiseme. Kila mtu ataka kufuturu kwake. Hebu chukua mfano wa kijana, fundi seremala, avuka barabara na mfuko wake wa tende. Gari lamgonga, lapunguza mwendo kidogo, kisha hilo, laenda zake. Kijana hafi, alhamdulillahi. Lakini mguu watiwa vyuma, na kusimama kutwa nzima akipiga randa hawezi tena. Wazee waja kumtazama na kumwambia: "Mwanangu, hii ni qadar. Subiri, mwachie Mungu."

Ndugu yangu, maneno hayo ni kweli, lakini hayajakamilika. Kuamini qadar hakumwondolei dereva jukumu lake. Dini yetu imeweka diya kwa aliyeuawa bila ya kukusudiwa, kama ilivyo katika Surat Nisaa aya ya 92, na wanazuoni wameeleza pia fidia ya viungo vilivyojeruhiwa. Basi anayedai hakukosa subira. Na ukitaka kusamehe, ni haki yako, lakini samehe kwa kuwa umeamua, si kwa kuwa ulikaa kimya mpaka muda ukapita.

Muda wenyewe ni huu. Sheria ya Kenya yampa aliyejeruhiwa kwa uzembe wa mwengine miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya madai. Mtoto akijeruhiwa, mzazi asingoje; aweza kumfungulia kesi mapema. Miaka 3 yaonekana mingi, lakini kumbuka: haki haiozi, ushahidi ndio huoza. Gari lisipojulikana, utamshtaki nani?

Kwa hivyo wewe uliyeshuhudia, kazi yako yaanza pale pale. Kwanza muokoe mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Pili, shika nambari ya gari, hata kama ni herufi tatu tu, pamoja na rangi yake na njia liliyoshika. Tatu, usikatae kuandikisha ushahidi. Twapenda kusema "mimi sitaki mambo ya polisi", na kumbe jirani yetu apoteza haki yake kwa neno hilo.

Wewe uliyeumia, au jamaa zako, ripotini kituoni mpate nambari ya OB, kisha abstrakti ya polisi na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Nambari ya gari ikipatikana, mwenye gari hutafutwa katika rekodi za usajili. Gari likiwa na bima, kampuni ya bima yaweza kulazimika kulipa, lakini kwa dai la mtu mmoja sheria haiilazimishi kupita shilingi milioni 3.

Weka kila risiti: ya dawa, ya picha, hata ya teksi ya kwenda kliniki. Mahakama hulipa gharama zilizothibitishwa, haikisii. Maumivu na ulemavu hukadiriwa mbali, kwa ripoti ya daktari. Ikiwa mguu utahitaji kupasuliwa tena mwakani, au huwezi kazi yako ya zamani, hilo lidaiwe tangu mwanzo. Na usitie sahihi karatasi uliyoletewa kitandani kabla ya kusomewa na mtu unayemwamini. Huenda ikawa umekubali kidogo na kufunga mlango.

Jambo jengine: dereva akipigwa faini na korti, hiyo ni kesi ya serikali. Fidia yako ingali palepale.

Lakini haki ina pande mbili. Usizidishe ugonjwa, wala usimkubalie broka anayekwambia ujifanye kiwete. Hiyo ni dhulma kama ile ya kukimbia. Na kama ulivuka bila kutazama, sema kweli. Mahakama yaweza kukubebesha sehemu ya lawama na bado ukapata kilichobaki.

Mwisho nasema na wewe dereva. Sheria ya Trafiki yakutaka usimame na utoe jina lako. Ikiwa hukutoa, ripoti kituo cha polisi haraka, isipite saa 24. Waogopa kupigwa na watu? Basi nenda kituoni moja kwa moja, usiende nyumbani. Kwani utafuturu vipi, na mtu umemwacha barabarani? Saumu ni baina yako na Mola wako, lakini mguu wa yule kijana ni haki ya mja, na haki ya mja haifutiki mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe. Naye atakusamehe vipi, hali hakujui?

Allah atuhifadhi njiani, awaponye waliojeruhiwa, na atupe ujasiri wa kusimama. Amin.

Wabillahi tawfiq.