MEZANI PA BWANA HAKUNA MGENI

Hotuba iliyotolewa Nyamisati mbele ya usharika na wageni wa Dayosisi, katika maadhimisho ya miaka 100



Nimeombwa niseme machache juu ya ubaguzi. Tulisikiapo neno hili, wengi wetu hukumbuka Afrika Kusini ya makaburu, tukatikisa vichwa kwa huzuni, kisha tukarudi nyumbani na amani mioyoni kwa kuwa kosa lile lilikuwa la watu wa mbali. Leo sitaki kuwapa amani ya namna hiyo. Nataka tuutazame ubaguzi ule mdogo wa kila siku, unaokaa gatini, sokoni, kisimani, na wakati mwingine katika mabenchi ya kanisa.

Nchi yetu hii inaufahamu ubaguzi tangu zamani. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Wafanyabiashara hawakuacha, waliwapitisha mateka kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, wakauvuka mto huu wetu wa Rufiji, hata Sultani alipoipiga marufuku misafara ya nchi kavu mwaka 1876. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Basi sheria ilimfungua mtu mnyororo, lakini haikuufunga mdomo wa jirani yake. Maneno “mtumwa” na “mshenzi” yamebaki, na hata leo huchomoza watu wanapogombana juu ya shamba au posa.

Ukoloni nao uliwapanga watu kwa rangi. Mjini Dar es Salaam kulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Watoto walisomeshwa katika shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi mbali na jingine, mpaka utaratibu huo ulipokomeshwa kuanzia tarehe 1 Januari 1962. Kanisa halikuwa nje ya mambo hayo. Tunamshukuru Mungu kwa wamisionari wa Kijerumani waliofika Dar es Salaam mwaka 1887, na kwa Injili iliyoenea pwani hii. Lakini historia ya kweli haina budi kusema pia kwamba kwa miaka mingi Mwafrika alifundisha, alihubiri na kuzika, huku maamuzi makubwa yakibaki mikononi mwa Mzungu. Kumheshimu aliyekuletea taa hakukukatazi kukiona kivuli chake.

Wapo waliosimama wakapinga. Mwezi Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere alikataa katakata kuufanya uraia kuwa jambo la rangi ya ngozi, hata akawa tayari kuacha uongozi. Tena, mwaka 1977 Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano wake Mkuu Dar es Salaam. Hapo ndipo Walutheri wa dunia walipotamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo linalogusa ungamo la imani lenyewe, wala si suala la siasa ambalo kila mmoja anaweza kuwa na maoni yake. Mkutano huo huo ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kwa hiyo, ndugu zangu, sisi wa pwani hii hatuwezi kusema hatukusikia. Neno hilo lilitamkwa mlangoni petu.

Sasa nije kwetu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu, na baadhi yao wakafika na ng’ombe wao hadi Rufiji. Mifugo iliingia mashambani, hasira zikapanda, na mwezi Mei 2012 damu ilimwagika Ikwiriri. Sisemi kwamba mkulima aliyelishiwa mpunga hana haki. Anayo, na anastahili kusikilizwa na kulipwa. Nasema kwamba tangu siku zile tumejifunza kumhukumu mtu kabla hajafumbua kinywa. Tunamwita “Mmang’ati”, nasi hatujiulizi jina hilo limetoka wapi. Watu hao hujiita Wadatoga. “Mang’ati” ni neno walilopewa na Wamaasai, na maana yake ni adui. Fikirini, ndugu: tunamsalimu jirani yetu kwa kumwita adui, kisha tunashangaa urafiki haukui.

Naomba niungame mbele yenu. Jumapili moja alikuja ibadani mtu mmoja wa wafugaji, na mkewe na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa zamu mlangoni. Nilimwuliza, “Wewe umetoka wapi, na umekuja kufanya nini?” Kila aliyeingia kabla yake nilimpa mkono na kumwambia karibu. Yule baba alijibu kwa upole, “Nimekuja kusali.” Alikaa benchi la nyuma kabisa, na nafasi kando yake ikabaki wazi mpaka mwisho wa ibada. Jumapili iliyofuata hakuja. Hakuna aliyemtukana wala aliyemfukuza. Tulimfukuza kwa benchi tupu.

Wengine husema, “Huo ni utani tu.” Ndugu zangu, tusiuchafue utani. Wazee wetu waliuwekea utani sheria zake: huenda na kurudi, na mtani wako ndiye anayekuja kushughulika siku ya msiba wako. Basi hiki ndicho kipimo. Ikiwa unamtania mtu ambaye hawezi kukujibu, na ambaye siku ya kumzika hutafika, huo si utani. Ni dharau iliyovaa nguo za utani.

Tena ubaguzi hutugeuza tujichukie wenyewe. Dada zetu, na siku hizi kaka zetu, wanajichubua kwa mkorogo, ingawa mamlaka zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki. Nani aliyewafundisha kwamba Mungu alikosea? Ni sisi tunaosifu mtoto mchanga kwa weupe wake. Nao ndugu zetu wenye ualbino wameitwa majina yasiyofaa, wakawindwa na kuuawa kwa sababu ya ushirikina. Wenzetu wa Lindi mjini walitoa jibu zuri mwaka 2010, walipomchagua Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao.

Neno la Mungu linasemaje? Katika Hesabu sura ya 12 Miriamu alimnung’unikia Musa kwa ajili ya mke Mkushi, yaani mwanamke wa Afrika, na Mungu hakulichukulia jambo hilo kuwa dogo. Katika Wagalatia sura ya 2 tunamwona Petro akila pamoja na watu wa Mataifa kule Antiokia, kisha akajitenga nao walipofika watu waliotoka kwa Yakobo. Petro hakumtukana mtu. Alihama meza tu. Hata hivyo Paulo alimkemea mbele ya wote, kwa kuwa aliona kwamba kuhama meza ni kuikana Injili. Ikiwa tunahesabiwa haki kwa neema peke yake, basi hakuna aliyefika mezani kwa kabila lake, kwa rangi yake, wala kwa miaka ambayo babu yake amekaa Nyamisati. Sote tumekaribishwa, na aliyekaribishwa hana mamlaka ya kumfukuza mwenzake.

Napendekeza mambo matatu tuingie nayo katika miaka 100 ijayo. Kwanza, tumwulize mgeni jina lake kabla ya kumwuliza kabila lake, tena tumwite kwa jina hilo. Pili, tushike amri ya nane kama Katekisimu Ndogo inavyotufundisha, tumtetee jirani anaposemwa vibaya asipokuwepo, hata kama anayesema ni ndugu yetu au mkubwa wetu. Tatu, benchi lisibaki tupu kando ya mtu yeyote. Mzee wa zamu awe wa kwanza kwenda kuketi hapo.

Nami nimeanza. Nilimtafuta yule baba, nikamwomba radhi, akanikaribisha maziwa. Hajarudi bado ibadani. Namwombea arudi, na ninaomba kwamba siku hiyo asimkute mlangoni mtu kama nilivyokuwa mimi.

Mungu aubariki usharika wetu. Amina.